Pendekezo la njia mpya ya Uingereza kwenye simuleta ya treni: pwani ya Cumbria, Barrow hadi Workington

Gadi wa Usiku (mtoa mada)

Wakuu, habari za jioni.

Kila mara studio ya Dovetail Games inapoanza kutangaza njia mpya za gemu ya Train Sim World, humu ndani tunagawanyika makundi mawili. Kuna wanaolilia Settle–Carlisle, ile reli ya milimani kaskazini mwa Uingereza, na kuna wanaotaka reli yoyote yenye nyaya za umeme na mwendo wa maili 125 kwa saa. Leo naleta ya tatu, na naomba msome mpaka mwisho kabla hamjaanza kurusha mawe.

Ni reli ya pwani ya Cumbria, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Inatoka Carlisle, inakutana na bahari Maryport, kisha inaufuata ufuo kupitia Workington, Whitehaven, Sellafield (penye kiwanda cha nyuklia) na Millom hadi Barrow-in-Furness. Yote ni takriban maili 85. Siombi yote. Naomba kipande cha kusini, Barrow hadi Workington, maili 50 na ushee, na sababu ya kukata hapo nitaieleza.

Hoja yangu ni kwamba dereva wa njia hii ana kazi ya kufanya. Tuseme ukweli, njia nyingi za mwendo mkali ukishazizoea unavuta mkono wa nguvu mara moja, unaenda kuchemsha chai, unarudi treni inakaribia stesheni ya pili. Huku kasi haivuki maili 60 kwa saa, na sehemu kadhaa ni chini sana ya hapo. Lakini hakuna dakika tano zinazopita bila jambo: stesheni ndogo, kivuko chenye mageti, ishara ya mkono wa chuma inayopandishwa na mtu aliye kwenye kibanda cha ishara, kona inayotokea juu ya ghuba, zuio la mwendo kwa sababu mawimbi yameula ukuta.

Twende nayo kutoka kusini.

Barrow ni mji wa kiwanda cha meli. Jengo kubwa jeupe la kuundia nyambizi, Devonshire Dock Hall, linaonekana kutoka mbali, kwa hiyo mchoraji wa mandhari anapata alama yake ya kwanza bila kuitafuta. Treni inaelekea kaskazini, inapita makutano ya Park South na kufika Askam, halafu inaanza kuuzunguka mlango wa mto Duddon. Hapa ramani inachekesha: Millom unaiona ng'ambo ya maji karibu kabisa, lakini reli inakwenda mpaka Foxfield kule ndani, inavuka mto na kurudi upande wa pili. Foxfield kibanda cha ishara kimekaa palepale kwenye jukwaa la abiria, na jukwaa lenyewe liko katikati ya njia mbili.

Baada ya Millom mlima Black Combe unasimama upande wa kulia, kama mita 600, na kushoto ni bahari. Silecroft, Bootle, kisha daraja refu la Eskmeals kabla ya Ravenglass, mahali mito mitatu, Esk, Mite na Irt, inapomwaga maji pamoja. Ravenglass ndiko inakoanzia ile reli ndogo ya kitalii ya Eskdale, yenye upana wa inchi 15 tu kati ya chuma na chuma. Ilifunguliwa mwaka 1875 ikiwa na upana wa futi tatu, ikabadilishwa kuanzia 1915. Siombi iendeshwe. Nataka tu moshi wake uonekane nyuma ya stesheni.

Drigg, Seascale, Sellafield. Hapa ndipo nilipopendea njia hii. Kutoka Sellafield kwenda Whitehaven reli inakuwa laini moja, na mahali pa kupishana ni St Bees peke yake. Huendi mpaka upewe tokeni, ufunguo wa chuma anaokukabidhi mtu wa kibandani. Ukifika St Bees unairudisha, unapewa nyingine ya kwenda Bransty, yaani Whitehaven. Katikati ya Sellafield na St Bees unapita Braystones na Nethertown, vibanda vya mapumziko vimejipanga juu ya changarawe za ufukweni na treni inapita mgongoni mwao. Ukishapita Corkickle unaingia handaki la zaidi ya kilomita moja chini ya mji wa Whitehaven, unatokea moja kwa moja kwenye majukwaa ya stesheni.

Whitehaven hadi Workington mwamba uko kulia na bahari iko kushoto, nafasi ya kugeuka hakuna. Parton ni kijiji kilichobanwa hapo katikati. Halafu Harrington, stesheni ndogo ambayo watu wa reli wa Uingereza wote wanaijua jina. Jukwaa lake lilikuwa chini mno, mzee au mtu wa kiti cha magurudumu hapandi. Badala ya kubomoa jukwaa zima, mwaka 2008 walilaza juu yake kipande cha mwinuko chenye miteremko pande zote mbili, urefu wa mlango tu. Gharama ikawa sehemu ndogo ya ile ya kujenga upya, na wazo likasambaa stesheni nyingine nyingi. Mpaka leo linaitwa nundu ya Harrington. Kwenye gemu maana yake ni lazima usimamishe mlango sahihi mbele ya nundu, si popote tu kwenye jukwaa.

Sasa kipindi. Napendekeza 2015 hadi 2018, na wapenda dizeli mnajua nakoelekea. Mei 2015 kampuni ya Northern ilikuwa na uhaba wa treni, abiria wa Sellafield wanajazana, ikakodi vichwa vya dizeli vya Class 37 na mabehewa ya zamani ya Mark 2 kutoka DRS, kampuni inayobeba mizigo ya nyuklia kwa reli. Vichwa vilivyoundwa kati ya 1960 na 1965, injini ya English Electric ya silinda 12, vikawa vinavuta treni za kawaida za ratiba, watu wanakwenda navyo kazini, hadi mwisho wa 2018. Watu walisafiri kutoka miji ya mbali wakakae behewa la kwanza wasikilize mlio. Kwenye ratiba hiyohiyo kuna Class 156 na 153, treni ndogo za dizeli za abiria, zinazobeba huduma nyingi, na treni za DRS zenye makasha ya mafuta ya nyuklia yaliyotumika zikienda Sellafield.

Kwa hiyo kwa nini Workington? Kwa sababu ukiishia Whitehaven unakosa ukuta wa bahari na nundu, na ukienda hadi Carlisle unaongeza maili zaidi ya 30, sehemu kubwa ikiwa mashamba. Studio ina bajeti. Afadhali maili 50 zilizotengenezwa vizuri.

Nawasilisha. Karibuni.

Kichwa Dizeli

Uzi mzuri mkuu, umeandika kwa mapenzi. Ila nina swali la kibiashara. Nani atanunua? Mtu wa kawaida akifungua duka anataka kuona picha moja ya kumshtua. Settle–Carlisle ina daraja la Ribblehead, matao 24, mita 32 kutoka ardhini, karibu nalo handaki la Blea Moor, halafu kilele cha Ais Gill mita 356. Wewe unatuuzia mageti na vijumba vya ufukweni.

Gadi wa Usiku

Sina ugomvi na Settle–Carlisle. Ile reli watu waliipigania miaka mingi isifungwe, na tarehe 11 Aprili 1989 serikali ikasalimu amri. Inastahili heshima yote. Lakini imeshatengenezwa kwenye Train Simulator Classic, gemu yao ya zamani, waliokuwepo enzi zile wanaijua kila taruma. Na kwenye Class 158, treni ya dizeli ya abiria, kile kipandio maarufu cha 1 kwa 100, takriban maili 15 kutoka Settle, unachofanya ni kuacha mkono wa nguvu mahali ulipo. Uzuri wake unaonekana ukiwa na injini ya mvuke inayohema. Wakitoa na mvuke, nitanunua siku ya kwanza.

Kuhusu picha ya kushtua: 37 ikipita Parton, wimbi limepiga ukuta, maji yamefika kwenye kioo cha dereva. Hiyo picha haipo kwenye njia yoyote waliyotoa.

Mama Behewa

Naishi Lancashire na njia hii nimeipanda mara kadhaa, acheni nitie neno.

Watu mnaosema ni njia ya mashambani hamjaona Sellafield zamu inapobadilika. Treni inakuja tupu, watu wawili watatu wenye mabegi ya kutembea milimani. Inasimama Sellafield, ghafla behewa zima limejaa, watu wamesimama hadi kwenye milango, wote wamevaa vitambulisho shingoni, na hakuna anayezungumza kwa sababu wamechoka. Wanaanza kupungua St Bees, wengi wanashuka Corkickle na Whitehaven. Nikikaa kwenye treni ya mchana ni kama nimepanda treni ya nchi nyingine. Gemu ikiweka idadi ileile ya abiria kutwa nzima itakuwa imeiua.

Jambo la pili ni vituo vya ombi. Nethertown, Braystones, Silecroft, Green Road na vingine, treni haisimami mpaka mtu aseme. Ukitaka kushuka unamwambia gadi mapema. Ukitaka kupanda unasimama jukwaani uonekane na kunyoosha mkono. Ni daladala kabisa, ila gadi wa kule hapigi ubavu wa gari, anabonyeza kengele kwa dereva. Kwenye simuleta zote nilizocheza, stesheni ikiwa kwenye ratiba unasimama, basi. Hapa dereva angetakiwa apunguze mwendo, aangalie jukwaa, aamue. Usiku na mvua, jukwaa la Nethertown halina kitu, unapepesa macho kutafuta mtu. Hicho ndicho kitu cha kuwaomba studio, kuliko hata njia yenyewe.

Gadi wa Usiku

Mama Behewa umenimaliza. Hilo la vituo vya ombi linaingia kwenye barua ya kuwaandikia studio kama kipengele cha kwanza. Na likitengenezwa mara moja linatumika kwenye njia nyingine zote za vijijini, kwa hiyo studio haitasema ni kazi ya njia moja.

Pwani_Kaskazini

Samahani kwa kuleta mkosi. Hizo treni za nyuklia si zitawaletea shida ya kisheria? Sellafield ni eneo nyeti mno. Na mtoto akicheza anagonga treni ya mionzi kwa makusudi, mnapata habari mbaya magazetini.

Gadi wa Usiku

Swali la haki. Kwanza, huhitaji kuchora ndani ya uzio. Njia za pembeni ambako treni za makasha zinaingilia zinaonekana kutoka stesheni ya Sellafield, abiria yeyote anaziona. Kiwanda kinabaki kuwa mandhari ya nyuma: mabomba, minara, uzio. Calder Hall ilifunguliwa na Malkia Oktoba 1956 kama kituo cha kwanza duniani cha umeme wa nyuklia wa kibiashara, mahali penyewe si siri.

Pili, hilo la kugonga Waingereza walishalifanya wenyewe. Julai 1984, kwenye reli ya majaribio ya Old Dalby, walichukua kichwa cha Class 46 na mabehewa matatu, bila dereva, wakakipeleka kwa karibu maili 100 kwa saa dhidi ya kasha la mafuta lililolazwa juu ya reli, mbele ya waandishi wa habari. Kichwa kilisambaratika. Kasha halikupasuka. Lile kasha lina uzito wa zaidi ya tani 50, ni chuma kinene. Kwa hiyo kwenye gemu ukigonga, hali halisi ni kwamba wewe ndiye unayekufa, kasha linabaki.

Raha ya treni hizi kwa mchezaji ni kwamba zina vichwa viwili kwa mzigo mdogo sana. Mara nyingi vichwa viwili kwa kasha moja au mawili. Nguvu ipo ya kumwaga, lakini kasi imebanwa na kila mahali unasubiri: tokeni, treni ya abiria ipite, kibanda kifunguliwe asubuhi.

Mzee Taruma

Nimesoma kimya kimya, sasa nachangia. Nilifanya kazi ya ustesheni masta kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na vijana wengi humu mnaongelea tokeni kama vile ni tiketi ya bahati nasibu. Ngoja niweke sawa, maana wakitengeneza vibaya itakuwa kichekesho.

Laini moja hatari yake ni moja tu, treni mbili kukutana uso kwa uso. Tokeni ipo kuzuia hilo. Kila mwisho wa sehemu kuna mashine, na mashine hizo mbili zimeunganishwa kwa umeme. Mtu wa St Bees hawezi kuchomoa tokeni peke yake. Lazima mwenzake wa Sellafield akubali na kumwachia umeme. Ikishatoka moja, mashine zote mbili zinajifunga, hakuna nyingine inayotoka upande wowote mpaka ile irudishwe kwenye mashine mojawapo. Dereva akiwa nayo mkononi anajua hakuna mwingine mbele yake. Asiyekuwa nayo haondoki, hata ishara iwe inaruhusu, hata abiria wapige kelele.

Sasa kwenye gemu sitaki kuona dereva anabonyeza kitufe tokeni ikatokea hewani. Treni isimame karibu na kibanda, mtu ashuke ngazi ailete, dereva aisome jina la sehemu iliyoandikwa juu yake, na kama ni ya sehemu nyingine aikatae. Mara moja moja wampe isiyo sahihi kwa makusudi. Ndivyo tulivyokuwa tunawapima madereva wapya kwetu.

Kichwa Dizeli

Shikamoo mzee. Hilo la kupewa tokeni ya uongo limenitia baridi. Nimebadilisha mawazo nusu.

Mzee Taruma

Marahaba. Nusu nyingine itakuja ukikosea.

Kijana wa Makadara

Wasee, tukuwe realistiki kidogo upande wa teknolojia. Hii gemu inatengenezwa na Unreal, ile programu nzito ya kuundia gemu, na wengi wetu tunachezea konsoli za zamani au laptop iliyochoka. Mahali penye maji mengi, mawimbi, abiria mia mbili Sellafield na ishara za mkono kila maili, fremu zinaanguka, picha inakwamakwama. Ndio maana mimi naunga mkono kukata Workington. Mkiongeza Carlisle mnaongeza stesheni kubwa yenye treni za umeme za laini kuu ya magharibi, zote zinatembea kwa ratiba, na hapo ndipo mashine inalia.

Swali langu ni kuhusu treni za makasha. Zinazotoka Heysham, kwenye kituo cha umeme wa nyuklia, zinaingia vipi kwa ramani? Kama mnaanzia Barrow, si zitatokea tu katikati ya stesheni?

Gadi wa Usiku

Ndugu yangu, umegusa penyewe. Zinazotoka Heysham, kusini, zinakuja kupitia Carnforth na Ulverston, lakini haziingii Barrow. Kuna njia ya mkato kutoka makutano ya Dalton hadi Park South, inayoukwepa mji kabisa. Kwa hiyo ramani inahitaji kipande kile cha mkato, maili chache tu, pamoja na njia ya kuanzia hapo Dalton. Treni ya makasha inazaliwa Dalton, inaungana na laini ya pwani Park South, na wewe ukiwa kwenye 156 kutoka Barrow unaweza kusimamishwa hapo kuisubiri. Zinazotoka kaskazini zitaanzia Workington.

Na kuhusu fremu, ishara za mkono ni nafuu kwa mashine kuliko msitu wa nguzo za umeme. Njia yote hii haina waya hata mmoja wa umeme juu.

Pwani_Kaskazini

Kama mnaongeza Dalton, kwa nini msiende Carnforth kabisa? Mle ndimo kuna madaraja mawili marefu ya chini chini juu ya mchanga wa ghuba ya Morecambe, Leven na Kent. Daraja la Leven lina hadithi. Februari 1903 treni ya barua ilisukumwa na upepo wa dhoruba ikalala ubavu juu ya daraja, abiria wakanusurika. Baada ya hapo wakaweka kipima upepo darajani, kikizidiwa kinapiga kengele kwenye vibanda vya jirani na treni zinazuiwa. Hiyo ni misheni tayari. Halafu Grange-over-Sands kuna mabenchi ya chuma ya Furness Railway yenye kindi wanaokula zabibu pembeni. Wachoraji wangeyapenda.

Mama Behewa

Mabenchi ya kindi nimeyakalia, mazuri kweli. Lakini huko Carnforth–Barrow ni njia nyingine kitabia. Treni zake zinaenda hadi Lancaster, Preston na uwanja wa ndege wa Manchester, mwendo wa haraka zaidi, njia mbili moja kwa moja. Ukichanganya, watu watacheza kipande hicho na kuiacha Nethertown yangu.

Gadi wa Usiku

Nakubaliana na Mama Behewa, ingawa kipima upepo kimenitesa roho. Naona Carnforth–Barrow iwe nyongeza ya baadaye, inayoungana na hii pale Barrow. Studio wanapenda kuuza vipande vinavyoungana.

Ngoja niongeze historia kidogo kwa wale wanaodharau njia hii kwamba ni ya kando. Mwaka 1837 George Stephenson alipendekeza reli kuu ya kwenda Uskoti ipite hapa hapa pwani: ikate ghuba ya Morecambe kwa tuta, ivuke Duddon, ifuate bahari hadi Carlisle. Sababu yake ilikuwa kuikimbia milima. Mhandisi Joseph Locke akashikilia kupanda milima ya Shap moja kwa moja, na Locke ndiye aliyeshinda, reli ya Lancaster–Carlisle ikafunguliwa 1846. Kama Stephenson angesikilizwa, leo treni za London–Glasgow zingepita Silecroft kwa kasi, na mimi ningekuwa nawaomba studio wanipe njia tulivu ya Shap.

Pwani ikaachiwa chuma na makaa. Millom na Barrow walichimba madini ya chuma, Whitehaven makaa ya mawe hadi chini ya sakafu ya bahari, na mgodi wa mwisho pale, Haig, ukafungwa miaka ya 1980. Workington walifua reli zenyewe kwa zaidi ya karne na kuziuza nchi nyingi duniani, mpaka kiwanda kikafungwa 2006. Ndiyo sababu utaona njia nyingi za pembeni zisizoelekea popote. Wachoraji msizifute, ziacheni na kutu yake.

Kijana wa Makadara

Sawa, Workington inaniuzia. Lakini misheni? Ratiba pekee haitoshi, wenye konsoli wanapenda hadithi.

Gadi wa Usiku

Misheni moja iko tayari kutoka kwenye historia, japo ni ya kabla ya kipindi chetu. Novemba 2009 mvua kubwa iliufurisha mto Derwent unaopita Workington, daraja la barabara la Northside likaanguka na askari polisi mmoja akafariki. Mji ukakatika vipande viwili. Daraja la barabara lililobaki halikuwa salama, lakini la reli lilisimama. Network Rail, wasimamizi wa reli za Uingereza, wakajenga stesheni ya muda kaskazini ya mto kwa muda wa wiki moja hivi, ikaitwa Workington North, ikafunguliwa tarehe 30 Novemba, na treni za ziada zikawa bure ili watu wavuke kwenda kazini na dukani. Ilitumika hadi 2010. Ramani ikivuka Derwent kidogo tu, nusu maili, mnapata misheni ya kupeleka watu huku na huku siku nzima, treni imejaa, mto umechafuka chini yako. Sijui mtu gani atasema hiyo inachosha.

Kichwa Dizeli

Basi sogeza mwisho wa ramani uvuke mto. Wekeni hiyo nusu maili. Na 37 zitengenezewe sauti upya, siyo kuchukua ileile iliyopo kwenye njia nyingine na kuipaka rangi ya DRS. Kichwa cha 37 kimo kwenye gemu siku nyingi, lakini kikiwa na mabehewa mepesi ya abiria kinapoondoka stesheni mlio ni tofauti kabisa na kikivuta mzigo. Kinaunguruma sekunde chache, kinaachia, kinashika breki. Kila maili mbili tatu hivyo.

Mzee Taruma

Na breki. Mabehewa ya zamani breki za hewa hazishiki kama za hiyo 156. Kijana aliyezoea 156 akipanda 37 atapita jukwaa la St Bees. Mwacheni apite, halafu abaki na tokeni ambayo mtu wa kibandani anaidai mita mia mbili nyuma.

Pwani_Kaskazini

Hahaha mzee huna huruma.

Je, kama studio haitaki? Kuna kihariri cha umma cha kompyuta, watu wanatengeneza wenyewe.

Kijana wa Makadara

Nimekigusa hicho kihariri. Kulaza reli na kuweka nyumba unaweza na watu wawili wenye subira. Kutengeneza tokeni inayofungana kati ya mashine mbili na vituo vya ombi, hapo unaandika mantiki mpya kabisa, si kazi ya wikendi. Kwa hiyo barua kwa studio iombe hizo mbili kwanza. Wakitoa mfumo, mandhari tutajipakulia wenyewe kutoka kwa ramani na picha za setilaiti. Wenye konsoli watasubiri, lakini wamezoea kusubiri.

Gadi wa Usiku

Hiyo ni akili. Nabadilisha mpangilio wa barua basi. Mwanzo vituo vya ombi na tokeni kama mifumo. Kisha ramani: Barrow hadi ng'ambo ya Derwent, pamoja na mkato wa Dalton. Treni ni 156, 153, 37 na mabehewa ya Mark 2, na vichwa vya DRS vya makasha. Ratiba ni siku ya kazi katikati ya 2016, yenye zamu za Sellafield asubuhi na jioni. Carnforth na kipima upepo naviweka mwisho kama ombi la baadaye, Pwani_Kaskazini usininunie.

Nitaandika rasimu ya Kiingereza wikendi hii na kuibandika hapa muihariri kabla haijaenda kwenye ukurasa wao wa mapendekezo. Mzee Taruma, naomba uniandikie ile sehemu ya mashine za tokeni kwa Kiswahili kama ulivyoieleza hapo juu, nitaitafsiri mimi. Mama Behewa, ukipanda tena karibuni, tunakosa picha za Foxfield upande wa nyuma wa kibanda, na Drigg mageti yakiwa yamefungwa. Za mtandaoni zote zimepigwa kutoka upande mmoja.

Mama Behewa

Jumamosi ijayo nakwenda Ravenglass na wanangu. Drigg ni kituo kinachofuata, nitatembea hadi pale. Foxfield nitapiga nikiwa ndani ya treni, dirisha likiwa safi.